Plastiki Iliyotangazwa Msibani

Plastiki aliyoivumbua mdogo wangu haina hataza, ile hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi. Nalisema hili mapema ili nilimalize, kwa sababu nimechoka kuulizwa. Watu wanaojua kazi zetu wakinikuta mjini husema, "Ile hati ya marehemu, mlishaipata?" Huwajibu kwamba bado, halafu najifanya nina haraka. Ukweli ni kwamba haipo na haitakuwapo. Sababu yake tunaijua wawili, mimi na wakili aliyekuwa akiishughulikia. Baba haijui. Macho yake siku hizi hayawezi tena herufi za kitabu, na ndiyo maana nimethubutu kuandika.

Baba alikuwa askari magereza, Luzira, Kampala. Tulizaliwa katika nyumba za askari, na nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa baba alitoka kaskazini na mama alikuwa Mnubi, binti wa Waislamu wa mjini, na kati yao hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Mama alifariki tukiwa bado shuleni. Tukabaki watatu: baba, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alipostaafu alinunua nyumba ndogo juu kidogo ya Port Bell, mahali ambapo ukisimama barazani unaona ziwa lote juu ya mabati ya majirani. Mimi aliniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Mdogo wangu hakumwita chochote.

Si kwamba waligombana. Ugomvi ningeuelewa, maana ugomvi una siku yake ya kuanza na watu wa kuusuluhisha. Hawa walinyamaziana tu. Baba alimsomesha kijana wake kwa jasho, akitarajia ofisa mwenye nyota mabegani, au angalau daktari. Akapata mkemia. Mkemia mwenyewe akaajiriwa kwenye kiwanda cha mabeseni na majerikeni, huko chini ya Bugolobi, na jioni badala ya kurudi na gazeti kwapani kama mtu aliyesoma, alirudi na gunia la majerikeni yaliyopasuka, aliyoyakusanya Kalerwe nyuma ya vibanda vya mboga. Jirani mmoja alimuuliza baba kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Afande, kijana wako siku hizi anaokota?" Baba alicheka pamoja naye. Aliporudi ndani alikaa mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo maneno yao yalipitia kwangu. "Mama, mwambie ndugu yako mlango wa nyuma haukufungwa." Na huyo ndugu yangu yupo hapo hapo, upande wa pili wa meza, anakula posho, yaani ugali, na maharage. "Dada, mwambie mzee niliufunga." Nami, mjinga wa kujitakia, nilifikisha. Nilifanya kazi hiyo ya utarishi kwa miaka bila kulipwa hata soda.

Mimi nilisomea mawimbi ya redio. Kitu nilichokipatia hataza ni beji ndogo, ukubwa wa kiberiti, inayovaliwa kifuani. Beji mbili zikiwa karibu hutafutana kwa redio. Sasa, mwili wa binadamu umejaa maji, na mawimbi ya aina hii yanamezwa na maji. Ukinipa mgongo, mwili wako unaziba njia, na beji yangu haiisikii yako. Tukitazamana, zinasikiana vizuri. Kwa hiyo, bila kamera na bila kumsumbua mtu kwa maswali, unaweza kujua ni nani alikaa uso kwa uso na nani, na walikaa muda gani. Hospitali waliitaka ili wajue kikohozi kinatoka kwa nani kwenda kwa nani wodini. Maneno haiyasikii. Hilo nilikuwa nalirudia kila ninapokwenda, maana mtu wa Kampala ukimwambia avae kitu kifuani, swali lake la kwanza ni kama kinarekodi.

Shida yangu ilikuwa ganda la beji. Plastiki ya bei rahisi ilipasuka kwa jua na jasho. Iliyo ngumu, yenye rangi nyeusi, ilimeza mawimbi. Ile ya kuagiza kutoka nje ilikuwa nzuri, ila iliwawasha wauguzi ngozi mpaka wakawa wanaificha mifukoni, na beji iliyo mfukoni haina faida. Nililalamika juu ya jambo hilo mezani siku nyingi. Baba alikuwa akiitikia "mm" na mdogo wangu hakusema kitu. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Aliyoyafanya naweza kuyaeleza wazi, kwa sababu si siri tena. Jerikeni kuukuu ukiliyeyusha unapata plastiki iliyochoka, inakatika ovyo. Wenye viwanda huichanganya na unga wa mawe ili ipate nguvu, nayo inazidi kukatika. Yeye alichukua majivu ya maganda ya mpunga, akayachoma tena mpaka yakawa meupe, kisha akayapaka asidi alizozitoa kwenye mafuta ya shea, yale ya kaskazini ambayo bibi zetu walipikia na kujipaka. Yakipakwa, majivu yale yanashikana na plastiki na kuwa kitu kimoja. Vitabu vyote vinasema majivu lazima yakauke kabisa kwanza. Yeye aliyapaka yakiwa bado na unyevu kidogo, kwa moto mdogo, na hapo ndipo palipokuwa na uvumbuzi wenyewe. Alihangaika karibu miaka mitatu katika chumba cha nyuma ya nyumba ya baba, kwenye moshi, na nguo zake zikinuka plastiki iliyoungua na shea kwa pamoja. Mwishowe aliniletea kipande cha rangi ya maziwa. Nilikikunja, hakikukatika. Nilikipima kwa mawimbi, yakapita kana kwamba hakipo. Nilimrukia shingoni, yeye akawa anasema, "Taratibu, dada, utakivunja," na wote wawili tunajua hakivunjiki.

Tulizijaribu beji mpya hapo hapo nyumbani, sisi watatu. Nilidhani baba atakataa. Lakini baba alikuwa mtu wa sare. Alipoona ni kitu cha kubandika kifuani aliuliza kinawekwa upande gani, na kila asubuhi alikibandika kwenye koti akiwa amesimama wima, kama anayesubiri kukaguliwa. Akitaka kwenda kwa wenzake kunywa malwa, ile pombe ya ulezi ya mirija mirefu, aliivua na kuiacha juu ya redio. "Hii kitu yako hapana haja kujua kila kitu," aliniambia.

Jioni nilifungua kompyuta. Programu yangu huchora kila mtu kama nukta, na waliotazamana huunganishwa kwa mstari. Wanavyotazamana zaidi, ndivyo mstari unavyonenepa. Kati yangu na baba mstari ulikuwepo. Kati yangu na mdogo wangu ulikuwepo, mnene. Kati ya wao wawili hapakuwa na kitu. Watu waliokula meza moja, wakalala chini ya paa moja, na hapakuwa na kitu. Mdogo wangu aliangalia juu ya bega langu akacheka. "Hata mashine yako imetujua," alisema. Nilicheka naye, halafu nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ikatokea kampuni moja ya ng'ambo iliyotaka beji yangu pamoja na ganda lake. Sharti lao lilikuwa moja: hata plastiki iwe na hataza. Wakili alituita ofisini kwake mjini akatueleza taratibu kama mtu anayewaeleza watoto habari za moto. Uvumbuzi lazima uwe mpya. Ukishatajwa hadharani kabla ya maombi kuwasilishwa, si mpya tena, hata kama aliyeutaja ni mwenye nao. Kwa hiyo midomo ifungwe. Tukaapa. Njiani kurudi nilianza kupiga hesabu za nyumba na gari, mdogo wangu akanikatiza.

"Mimi nataka karatasi tu," alisema.

"Karatasi gani?"

"Yenye muhuri wa serikali na jina langu. Mzee hawezi kubishana na muhuri."

Mtu mzima, mwenye shahada na ndevu, alichokitaka duniani ni kumshinda baba yake kwa muhuri ili amtazame.

Maombi yalikuwa bado yanaandikwa alipoanza kukonda. Ilikuwa ini. Baba alisema ni ule moshi, madaktari wakasema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni moshi wala kwamba si moshi. Walipomaliza waliyoyaweza walituambia tumrudishe nyumbani, na wote tulielewa maana yake. Tulimlaza chumbani kwa baba kwa kuwa dirisha lake linapokea upepo wa ziwa. Baba akahamia kwenye kiti.

Jambo la kwanza mgonjwa alilolitaka ni beji. Alitaka kuona ganda lake litakavyostahimili homa na jasho la mtu asiyeamka. Nilimwambia aache wazimu. Akaniambia hatapata tena mgonjwa wa kumjaribia kwa karibu namna hii, na akatabasamu mpaka nikaenda kumletea. Baba naye aliendelea kubandika yake kila asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyemwamuru aache.

Mchana nilikuwa kazini, mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama, alikuja kupika na kufua. Jioni nilifungua kompyuta kwa mazoea tu. Siku moja nikaona mstari mwembamba mahali ambapo hapajawahi kuwa na mstari. Nilidhani ni kosa la beji. Nikazipima, zilikuwa sawa. Kesho yake mstari ulikuwa mnene kidogo, na wiki iliyofuata ukaushinda wangu. Baba na mwanawe walikuwa wanatazamana asubuhi, wanatazamana mchana, wanaacha mgonjwa anaposinzia na wanatazamana tena. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikaona wivu. Baadaye nikaona furaha, halafu hasira, kwamba wamesubiri mpaka sasa.

Nilimuuliza mdogo wangu, "Mnazungumza nini na mzee?"

"Mambo ya kaskazini," alisema. Miguu yake ilikuwa inang'aa mafuta ya shea. Baba ndiye aliyekuwa akimpaka.

Sikuuliza tena. Niliogopa kwamba nikiuliza sana watakumbuka kwamba hawazungumzi.

Wakili alikuja mwenyewe na karatasi, mdogo wangu akatia saini akiwa amelala. Zilibaki picha za mwisho na malipo ya ofisi, tupeleke wiki iliyofuata. "Utahakikisha?" mdogo wangu aliniuliza baada ya wakili kuondoka. Nilisema nitahakikisha. Wiki hiyo iliyofuata hakuiona.

Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Kabla ya safari ya kaskazini, mwili uliwekwa uani kwa baba, hema mbili zikasimamishwa, viti vikakodiwa, spika zikafungwa kwenye mti wa parachichi wa jirani. Mtu wa kamera naye aliletwa, maana ndugu walio Juba na wale walio Uingereza lazima waone ibada papo hapo mtandaoni. Halafu wanasimama watu, mmoja baada ya mwingine, kusema kazi za marehemu. Hilo ndilo sharti kubwa kuliko yote. Marehemu ambaye kazi zake hazikusemwa, watu hurudi makwao wakinong'ona kwamba hakuwa na la kusemwa, na aibu hiyo inabaki na wazazi wake. Walisema watu wa kiwandani, kwamba alikuwa mpole na hakuchelewa. Alisema mwalimu wake wa zamani, kwamba alikuwa na mwandiko mzuri. Nilikuwa nasikiliza nikiwaza, ni hayo tu? Kisha kipaza sauti kikapewa baba.

Nilitarajia atashukuru wageni na kukaa. Baba si msemaji. Alisimama kando ya jeneza, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Mimi nilikuwa askari ya jela," alianza. "Kemia mimi hapana soma. Miaka mingi mimi nilifikiri hii mutoto yangu iko naokota takataka. Nilikuwa naona haya. Nasema mbele yenu wote, nilikuwa naona haya."

Aliweka mkono juu ya jeneza.

"Sasa mimi nataka kuwaambia kazi yake, vile yeye alinifundisha. Alinifundisha pole pole kama mwalimu ya nasari. Mimi nikikosea, anarudia. Aliniambia, Baba, hii ni siri. Mimi ni mutu ya serikali, siri nilitunza. Hata kwa malwa mimi sikusema. Lakini leo mwenye siri ndiyo huyu analala hapa. Mimi nikinyamaza, nyinyi mutarudi nyumbani kusema nini? Mutasema kijana ya mzee alikuwa naokota majerikeni, akakufa. Hapana. Leo mutajua."

Nilisimama. Sijui nilikuwa nimekusudia nini. Nadhani nilitaka kufika kwenye waya wa spika. Mama mdogo alinidaka kiuno. "Kaa, mwanangu, kaa. Lia ukiwa umekaa." Wanawake wengine wakanizunguka, mmoja akaniwekea khanga mabegani, mwingine akanishika mikono yote miwili. Walidhani ni uchungu umenipanda. Nikaketishwa kwa upendo, kwa nguvu.

Baba akaendelea. Akasema maganda ya mpunga yanachomwa mara mbili, mpaka yawe meupe kama unga. Akasema shea, na akina mama wa kaskazini wakaguna kwa furaha kusikia shea yao imetajwa. Akaeleza jinsi ya kutoa ndani yake kile kinachotakiwa na kumwaga kisichotakiwa. Moto uwe wa kupika maharage, si wa kuchemshia chai. "Na watu ya vitabu wanasema majivu ikauke kabisa," alisema, akiinua kidole. "Hapo ndiyo wanakosea. Unaacha maji kidogo. Kidogo tu. Hapo ndiyo akili ya mutoto yangu."

Hayo maneno ya mwisho yalikuwa ndiyo dai la kwanza, yaani kiini cha uvumbuzi, katika maombi yetu. Wakili aliyaandika na kuyafuta wiki nzima mpaka yakakaa sawa, na baba aliyasema vizuri kuliko wakili. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Ningeweza bado kupiga kelele. Mikono ilikuwa imeshikwa, mdomo haukushikwa. Ningeweza kusema, "Baba, nyamaza!" mbele ya jeneza la mwanawe, mbele ya ukoo wake na wenzake wa kazini na Uingereza nzima.

Sikusema. Nimejiuliza mara nyingi kama ni heshima iliyonizuia, na nadhani heshima ilikuwepo, lakini haikuwa ndiyo hasa. Nilitaka kusikia. Mashine yangu ilikuwa imeniambia wametazamana. Haikuniambia kwamba mle chumbani, mtu asiyeweza kuinuka alikuwa anamfundisha baba yake kemia, hatua kwa hatua, na mzee aliyeishia darasa la saba alikuwa anarudia kama mtoto mpaka apatie. Ule mstari mnene ulikuwa huu. Nilikuwa nausikia ukisemwa kwa spika, na kila neno lilikuwa linaua kitu nilichomwahidi mdogo wangu, na sikutaka baba aache.

Alipomaliza watu walipiga makofi, jambo ambalo hatulifanyi msibani. Baba alirudi kwenye kiti chake akakaa. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekabidhi lindo salama.

Tuliporudi kutoka kaskazini wakili aliniita. Naye alikuwepo siku ile, kwenye viti vya nyuma, alikuja kutoa pole kama watu wengine. "Nilitamani umeme ukatike," aliniambia. "Mungu anisamehe, niliomba kabisa." Akanieleza. Katika nchi ambako ile kampuni hufanya biashara, mlango umefungwa. Jambo limeshatajwa hadharani, tena likarushwa mtandaoni, na kuiondoa video sasa ni kuficha tu kitu kilichokwisha kuonekana. Kampuni walikuwa wameshaandika, kwa adabu sana, wakatoa rambirambi na kujitoa.

"Na hapa kwetu?" nilimuuliza.

Hapa kwetu, alisema, sheria imeacha upenyo mdogo wa miezi michache, nasi tunaweza kujaribu kupita. Fedha hazitakuwepo, ila hati ingeweza kutoka, yenye muhuri na jina la marehemu. Ila lazima aliyetangaza aape kwa maandishi kwamba alitangaza bila ruhusa ya mwenye uvumbuzi, na kwamba ameelewa madhara yake. Karatasi alikwisha kuiandika. Alinisogezea mezani bila kunitazama.

"Mzee haoni vizuri," nilisema. "Naweza kumwonyesha pa kutia saini tu."

"Hapana, dada. Kwa kuwa haoni vizuri, ndiyo kabisa. Lazima asomewe neno kwa neno, mbele ya shahidi, na akubali kwamba ameelewa."

Nilichukua karatasi nikaiweka kwenye begi. Nilimkasirikia wakili, ambaye hakuwa na kosa, na nikaikasirikia sheria. Nilimkasirikia hata mdogo wangu. Angeweza kumfundisha baba kucheza bao.

Niliikalia ile karatasi mpaka wakili akaanza kunipigia simu. Jumapili moja nikaamua. Mdogo wangu aliomba kitu kimoja, nikamwahidi nikimtazama machoni, na baba ni mtu mzima, aliyeona vifo na mabaya ya kila namna kazini. Ataambiwa, ataumia, atatia saini, na jina la mwanawe litaandikwa mahali. Nilijisemea hivyo njia nzima kutoka mjini. Tena nilipanga maneno ya kuanzia: Baba, kuna jambo la kisheria, si kosa lako.

Nilimkuta barazani, amerudi kanisani, bado na viatu. Alikuwa ameshika simu karibu kabisa na uso, na ilikuwa inatoa sauti yake mwenyewe, ile ya kwenye spika. Alipata video kutoka kwa ndugu wa Juba, na mama mdogo alikuwa ameniambia huitazama kila siku. Aliponisikia aliisimamisha.

"Mama, umekuja vizuri," alisema. "Mimi niko na swali, na hapana mutu hapa ya kunijibu."

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake. Mkono wangu ulikuwa ndani ya begi, umeshika karatasi. Nikamwambia aulize yeye kwanza.

"Hii hotuba yangu. Yeye alinifundisha vitu mingi, unajua, na siku ile kichwa yangu ilikuwa imejaa. Sasa nasikiliza, narudia, nasikiliza. Usingizi hapana. Naona kama kuna pahali niliruka." Alinisogezea simu, kana kwamba naweza kuona kosa kwenye kioo. "Kama niliruka, basi watu walijua kazi yake nusu. Na mimi hapana tena mutu ya kuniambia rudia. Wewe ulisoma. Niambie kweli. Nilisahau kitu?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yale yasiyoona vizuri, akisubiri.

"Hapana, Baba," nilisema. "Hukusahau hata kimoja. Ulisema yote."

"Yote?"

"Yote."

Ndipo akalia. Siku ya msiba hakulia, wala kaburini, wala safari nzima ya kurudi. Sasa alilia kwa sauti, simu imeanguka mapajani, akisema kwa lugha ya kwao maneno ambayo mimi sikufundishwa. Nilitoa mkono kwenye begi, nikalifunga, nikashika mikono yake yote miwili mpaka akamaliza.